Homa Haipimwi Unyayoni

Ndugu msomaji, kama unalo gari, hata liwe kuukuu namna gani, au kama huna lakini hupanda la jirani, yamkini umepata kuliona gari limesimama kando ya barabara, boneti juu, mvuke ukifuka kama sufuria ya kande, na mwenyewe kajishika kiuno akitazama upande mwingine kana kwamba gari si lake. Sisi husema limechemsha. Neno hilo moja hutosha, wala hakuna anayeuliza zaidi. Mimi nami nilisimama hivyo Jumanne moja ya mwezi wa Novemba mwaka 2014, katika barabara ya Morogoro, baina ya Kimara na Ubungo, na kovu la siku ile ninalo mkononi hadi leo. Ninakuandikia kwa kuwa chanzo chake hakikuwa uchakavu wa gari wala ubaya wa vipuri. Chanzo kilikuwa mahali kilipowekwa kitu kidogo mfano wa msumari, mahali nilipopachagua mimi mwenyewe, kwa ubishi wangu mwenyewe.

Gari lenyewe lilikuwa, na bado ni, Datsun 1200 pikapu, lenye injini ya sentimita za ujazo 1171. Pikapu za aina hiyo zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1971, na watu wa makamo yangu wanazijua: ni gari dogo, jepesi, lisilo na majivuno, ambalo fundi yeyote mwenye spana nne aweza kulifungua na kulifunga. Nililinunua kwa kiinua mgongo changu nilipostaafu kiwandani. Wenzangu walinishauri ninunue kiwanja. Mke wangu, Mama Asha, alinishauri ninunue gari, na kwa hakika yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kulilipia mafuta. Alikuwa akipika nyumbani Kimara na kuuza chakula saa sita mchana kwa mafundi waliokuwa wakijenga nyumba za ghorofa upande wa Sinza. Wali, maharage, mchicha, na siku ya malipo, nyama. Kabla ya kuwa na gari letu, masufuria yale yalisafiri kwa gari la kukodi, na faida ikaishia mfukoni mwa mwenye gari. Kwa hiyo ninaposema gari lilichemsha, usidhani ni starehe ya mzee iliyoingia dosari. Lilikuwa ni jiko letu limezimika, na watoto wawili wangali shuleni.

Datsun ile ilitoka kiwandani na feni iliyofungwa mbele ya pampu ya maji, vyote viwili vikizungushwa na mkanda mmoja. Feni ya namna hiyo haina akili. Injini ikienda mbio, nayo huenda mbio. Injini ikipumzika, nayo hupumzika. Sasa fikiri mwenyewe. Gari likikimbia barabarani, upepo hupita wenyewe katika rejeta na feni haina kazi kubwa. Lakini likisimama katika foleni, jua la utosini, ndipo upepo unapotakiwa, na ndipo feni hiyo inapojikokota. Kasoro hii iliwafanya waundaji wa magari watafute feni yenye hiari yake. Peugeot 404, iliyotokea mwaka 1960, na baada yake Peugeot 504, ambayo wengi wetu tulisafiri nayo ikiwa teksi, zilikuwa na feni iliyoshikwa kwa sumaku ya umeme: joto likipanda, swichi huamuru sumaku ishike na feni ikazunguka, joto likishuka, sumaku huachia. Kisha zikaja injini zilizolazwa kikingama, kama ile ya Volkswagen Golf ya mwaka 1974, ambazo mkanda wake hautazami mbele kwenye rejeta. Hapo feni ya mota ya umeme ikawa haina budi, na leo ni shida kuliona gari dogo jipya lisilokuwa nayo.

Feni yangu ya asili ilikatika panga moja mwezi wa Agosti mwaka ule. Feni iliyopungua panga haifai kutumiwa hata siku moja, maana hutikisa pampu mpaka beringi zake zinakufa. Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri vya mitumba, nikapata feni ya umeme iliyotolewa katika gari dogo la Kijapani, pamoja na kidhibiti chenye kifundo cha kuzungusha na mrija mwembamba wa shaba uliokwisha kwa ncha kama msumari. Ncha hiyo ndiyo kihisi joto. Ikipata joto la kiasi ulichokiweka kwa kifundo, umeme huunganika na feni ikazunguka. Nililipa, nikatoka nikipiga mluzi.

Kazi ya kuifunga nilimpa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 22 aliyesomea umakanika VETA, mwenye gereji yake chini ya mwembe huko huko Kimara. Feni yenyewe tuliifunga bila taabu. Tulipofika kwenye ile ncha, tukatofautiana.

“Mjomba,” aliniuliza, “unataka kupima joto la nini?”

“Joto la gari,” nikamjibu, maana swali lenyewe niliona la kitoto.

“Gari halina joto moja, Mjomba. Juu ya rejeta kuna joto lake, chini kuna lake, na ndani ya injini kuna lake.”

Akanieleza, nami nakueleza kama alivyonieleza, ijapokuwa siku ile sikumsikiliza. Maji huzunguka ndani ya injini yakiokota joto. Mlangoni mwa kutokea, juu ya silinda hedi, yuko bawabu aitwaye thamosteti. Maji yakiwa bado ya baridi, bawabu hufunga mlango ili injini ipate moto upesi; katika gari langu huanza kufungua yakifikia nyuzi 82 za Sentigredi. Hapo maji ya moto hutoka kwa hozi ya juu, huingia kichwani mwa rejeta, hushuka katika vijia vyembamba yakipigwa na upepo, hutokea chini yakiwa yamepoa, na pampu huyavuta kwa hozi ya chini kuyarudisha injini. Baina ya juu na chini tofauti yaweza kuwa nyuzi 10 au zaidi. “Kwa hiyo,” akasema, “ukichomeka hiyo ncha juu na ukaweka 92, ni jambo moja. Ukiichomeka chini na ukaweka 92 hiyo hiyo, ni jambo jingine kabisa.” Yeye alitaka tukate hozi ya juu, tuweke kipande cha bomba chenye tundu la uzi, na ndani yake tukaze swichi ya joto ya kuguswa na maji yenyewe.

Mimi nikakataa. Kwanza, hozi ilikuwa mpya, na kuikata kitu kipya kuliniuma. Pili, bomba la kuchongwa lilitaka fedha. Tatu, na hili ndilo kubwa, nilikuwa na hoja yangu. Nilimwambia: maji yanayorudi injini ndiyo yanayoipoza, yakirudi ya baridi, injini i salama, basi tupime hapo chini yanakotoka. Hoja ilinipendeza, hasa kwa kuwa ilikuwa yangu. Nikaichukua ncha nikaichomeka kwa mkono wangu baina ya mapezi ya rejeta, karibu na hozi ya chini, mahali pa siri ambapo watoto wasingepachokoa, nikazungusha kifundo hadi 90.

“Sawa, Mjomba,” akasema. “Gari ni lako.”

Nimekuja kujua baadaye kwamba kijana akimwambia mzee maneno hayo hajakubali. Amechoka kubishana kwa adabu.

Kwa miezi mitatu gari likaenda. Feni iliwaka mara chache sana, nami nikajisifu kwa majirani kwamba injini yangu haipandi joto. Laiti ningalikuwa na geji ya kunisuta. Lakini geji ya joto ilikuwa imekufa tangu enzi za mwenye gari aliyenitangulia, na kuitengeneza nilikuwa nimekuahirisha wiki hadi wiki.

Wakazi wa Dar es Salaam watakumbuka hali ya barabara ya Morogoro mwaka 2014. Njia za mabasi yaendayo haraka, yaliyokuja kuanza kazi mwaka 2016, zilikuwa bado zinajengwa, na barabara za juu za Ubungo zilikuwa bado hazijaota. Palikuwa na taa tu, na kwenye taa zile mtu aliweza kumaliza gazeti zima. Siku ile tulitoka nyumbani saa tano. Nyuma mlikuwa na masufuria manne na ndoo mbili kubwa za maji ya kunawa wateja. Tukasogea, tukasimama, tukasogea. Jua la Novemba unalijua. Baada ya muda Mama Asha akanusa.

“Baba Asha, chakula kinaungua?”

Nikamwambia chakula hakiwezi kuungua bila moto. Wakati huo huo injini ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga kokoto, kisha boneti ikatoa moshi mweupe pande zote. Nikasukuma gari kando kwa msaada wa vijana wawili wauza maji.

Sasa nitakuambia nililolifanya, ili wewe usilifanye. Nilivua shati, nikalikunja, nikashika mfuniko wa rejeta nikauzungusha. Wengi wetu hudhani mfuniko ule ni wa kuzuia maji yasimwagike tu. La hasha. Umetiwa springi ili kuyabana maji, na maji yaliyobanwa hayachemki kwa nyuzi 100 kama ya jikoni. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9 huyazuia hadi karibu nyuzi 118. Ukiufungua ghafla, mbano unatoweka, na maji yaliyopita nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo, yote kwa pamoja, yakitafuta pa kutokea. Yalitokea kwenye mkono wangu wa kulia, kutoka kiganja hadi kiwiko.

Mama Asha hakupiga kelele. Aliteremsha ndoo ya kwanza, akanishika mkono kwa nguvu kama anayemshika mtoto mtukutu, akaanza kumimina maji kwa kopo, polepole, bila kukoma. Kijana mmoja alikuja mbio na dawa ya mswaki, kama ilivyo desturi, akamfukuza. Nikamwambia, huku nikiuma meno, kwamba maji yale tuyaweke tuje kuyatia katika rejeta. Akanijibu neno moja: “Mkono.” Ndoo ikaisha, akaingia ya pili. Dakika zipatazo 20 alinimiminia. Daktari aliyenitazama jioni ile alisema kwamba maji hayo baridi, na kutopakwa kitu, ndiyo yaliyoiokoa ngozi. Bila hayo pasingebaki kovu hili dogo bali mkono mkavu.

Kisha alisimamisha bajaji, akapakia masufuria, akaniacha na gari. Alifika Sinza saa nane kasoro. Nusu ya wateja walikuwa wamekwisha kula kwingine, na waliobaki walinawa kwa maji ya kuombwa. Mchicha ulirudi nyumbani.

Mimi nilibaki pale nikimngoja mpwa wangu aje na kamba ya kuvutia gari. Katika kukaa huko, kwa mkono wangu mzima, nikagusa rejeta. Kichwa chake hakikugusika. Nikateremsha kidole taratibu hadi chini, hadi ilipokuwa ile ncha. Pale palikuwa na uvuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Kifundo changu kilikuwa kimeandikwa 90, na feni haikuwa imezunguka hata mara moja.

Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, na hedi yenyewe imepinda. Kuisawazisha, gasketi mpya, mafuta mapya ya injini, mfuniko mpya: shilingi 380,000. Fedha hizo zilikuwepo, maana zilikuwa ada ya muhula ya mwanangu wa pili. Alikaa nyumbani majuma matatu ya Januari, akisoma madaftari ya rafiki yake jioni. Hakunilalamikia, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko mkono.

Pale gereji, injini ikiwa wazi, mpwa wangu alinieleza jinsi ilivyokuwa. Alieleza akitazama chini, akifuta spana ambayo ilikuwa safi tayari. Mfuniko wangu wa zamani ulikuwa umekufa mpira, haubani. Kwa hiyo maji yalianza kuchemka mapema, yakatoka kidogo kidogo kwa bomba la kumwagia. Yalipopungua, pampu ikaanza kumeza mapovu, na mzunguko ukalegea. Maji yaliyokuwa chini ya rejeta yakatulia pale pale yakipoa kwa upepo mdogo wa barabarani, na yale ya injini yakazidi kuchemka. Kihisi kilikuwa kinasema kweli tupu. Kilisema kwamba chini ya rejeta hakuna joto. Tena, akaongeza, ncha iliyochomekwa baina ya mapezi haigusi maji. Hugusa bati na upepo, ikilegea kidogo hupima zaidi upepo.

Mama Asha alikuwa ameleta chai. Alisikiliza akiwa amesimama na birika mkononi, kisha akasema, si kwa ukali, “Baba Asha, watoto wakiugua, homa umepata kuwapima unyayoni?”

Ndugu msomaji, nilikuwa na miaka 61. Huyo kijana nilimbeba mgongoni alipokuwa hajui kutembea. Kumwomba radhi mtoto wa dada yako mbele ya wasaidizi wake wawili, waliojifanya wanatafuta nati mchangani, si jambo jepesi, nami sitajidai kwamba nililifanya vizuri. Nilisema, “Ulinieleza, nikakataa.” Akasema, “Yamepita, Mjomba.” Nikasema, “Hayajapita, naomba unisamehe.” Akachukua kikombe chake cha chai, akanywa, akasema, “Basi sasa tukate hozi.”

Kabla ya kukata nilimwomba anieleze tena, na safari hii nilikaa kwenye gurudumu kuukuu kama mwanafunzi. Nilimwuliza kwanza: mbona magari mengi ya kiwandani yana swichi ubavuni mwa rejeta, tena mengine upande maji yanakotokea? Akasema si kosa. Waundaji huchagua mahali na nyuzi kwa pamoja, baada ya kulipima gari lile lile. Aliyeweka swichi upande wa baridi huchagua inayowaka kwa nyuzi pungufu. Kosa ni kuchukua nyuzi za mahali pamoja na kuzipeleka pengine. Nikamwuliza kwa nini tusiikaze moja kwa moja kwenye hedi, ndani kabisa ya injini, nyuma ya thamosteti. Akasema hapo ndipo pazuri kuliko pote, lakini katika injini yangu tundu lililopo ni moja, nalo ni la geji. Geji na swichi ni watu wawili; kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Wapo mafundi wanaotia tundu hilo kiungo cha matawi mawili, geji huku na swichi kule. Ubaya wake ni kwamba vyote viwili husogea nje ya mkondo wa maji, vikakaa katika kichochoro ambamo maji hayapiti, na vyote viwili vikachelewa kujua.

Swali langu la mwisho nililiona la kumshinda. Hozi ya juu, nikasema, iko mbele ya thamosteti. Je, thamosteti ikikwama imefungwa, maji ya moto yasifike kwenye hozi? Feni si haitawaka? Akacheka. “Haitawaka, Mjomba, na hata ikiwaka itampepea nani? Maji ya moto hayapo kwenye rejeta.” Ndiyo maana, akasema, geji ibaki kwenye hedi na itengenezwe leo, si wiki ijayo.

Bomba lilichongwa na fundi wa mashine ya kukereza, la shaba nyeupe, likiwa na kichwa chenye uzi wa milimita 22. Swichi tuliyonunua iliandikwa 92–87, maana yake huwaka kwa nyuzi 92 na kuzima kwa nyuzi 87. Pengo hilo la nyuzi 5 lina maana; lau ingewaka na kuzima kwa nyuzi zile zile, feni ingekuwa inashtuka na kulala kila nukta, mpaka relei iungue. Na nyuzi za kuzima ni lazima ziwe juu ya zile za thamosteti kuanza kufungua. Jirani yangu mmoja alifunga swichi ya nyuzi 80 katika gari lenye thamosteti ya 82, akidhani baridi zaidi ni afya zaidi. Feni yake ilizunguka tangu asubuhi hadi usiku, maana thamosteti yenyewe ilikuwa haiyaruhusu maji kushuka hapo. Alimaliza betri mbili.

Mpwa wangu hakuamini maandishi ya juu ya swichi, jambo ambalo sasa nampendea. Tulikwenda nyumbani tukaomba sufuria. Mama Asha alitoa ile kuukuu, akatuonya isirudi na grisi. Tukaibandika juu ya jiko la mkaa na maji ndani, tukaining'iniza swichi kwa waya isiguse kitako cha sufuria, tukaiunganisha na betri na taa ndogo ya gari. Kipimajoto tuliazima kwa mwalimu wa sayansi wa jirani. Usijaribu kutumia cha homa, maana hicho hukoma nyuzi 42 na kitapasuka. Watoto wote wa mtaa walikuja. Maji yalipofika nyuzi 93 taa ikawaka, wakapiga makofi. Tukaepua, tukangoja, kwenye 87 ikazimika. Wakataka irudiwe, ikarudiwa.

Kisha tukalifunga bomba kwenye hozi ya juu, karibu na injini, kwa klipu mbili, swichi ikielekea ubavuni wala si juu, kwa kuwa hewa iliyonaswa hukusanyika juu, na swichi iliyozungukwa na hewa haijui habari za maji. Tukatia maji yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, tukayatoa mapovu, tukawasha injini, tukangoja. Geji mpya ikapanda hadi katikati, ikapita. Feni kimya. Nilimtazama mpwa wangu, naye akanitazama, na nakiri kwamba sehemu mbaya ya moyo wangu ilifurahi kidogo. Akazima injini haraka. Akafikiri, akajipiga paji la uso. Swichi ile ilikuwa ya waya mmoja. Umeme wake hurudi kupitia mwili wake hadi kwenye chuma cha gari. Lakini bomba letu lilikuwa limekaa baina ya vipande viwili vya hozi, na hozi ni mpira. Lilikuwa kisiwa. Sufurianï tulikuwa tumefunga waya wa pili kwenye mwili wa swichi bila kufikiri. Akatoa waya kutoka kwenye bomba hadi kwenye boltí ya injini, akawasha tena. Feni ikavuma, karatasi zote za gereji zikaruka.

Mambo ya waya nitayapitia kwa ufupi. Swichi isibebeshwe umeme wote wa feni. Iamuru relei, na relei ndiyo ibebe mzigo, kwa waya mnene na fyuzi karibu na betri. Feni izunguke upande wa kuvuta upepo kuelekea injini. Waya zikigeuzwa, nayo hugeuka, ikasukuma kinyume na mwendo wa gari. Na wenye watoto wanaopenda kuchungulia boneti, sisi tuliipitisha amri yake kwenye ufunguo, ili gari likizimwa feni nayo izimike. Feni iliyounganishwa moja kwa moja na betri yaweza kuamka yenyewe dakika chache baada ya gari kuegeshwa, na vidole vya mtoto havitapewa taarifa.

Jumatatu ya kwanza ya biashara tulitoka tena saa tano. Foleni ilikuwa ile ile, jua lile lile, na mkono wangu ulikuwa bado umefungwa bandeji, hivyo mpwa wangu ndiye aliyeendesha, mimi nikakaa nyuma na masufuria. Kwenye taa za Ubungo tulisimama muda mrefu. Nikasikia relei ikigonga, kisha feni ikavuma. Nikahesabu kimoyomoyo. Ilivuma kiasi cha dakika moja na nusu, ikanyamaza. Baada ya dakika tatu hivi ikavuma tena. Mama Asha alifungua kioo cha nyuma, akanitazama nilivyoinamisha sikio kwenye bati.

“Inasemaje?” akauliza.

“Inasema nyuzi 92,” nikamjibu.

“Haya,” akasema, “funika vizuri hayo maharage.”